Ndoo Takatifu

Musili wa Dagoretti Corner alifanya kazi River Road, Nairobi, katika duka la kuchapisha kadi. Mwenzake, Everlyn, alipiga maneno kwenye kompyuta. Musili aliyasoma kwenye karatasi ya kwanza, ile wanayoiita prufu, kisha akaandika “Sawa” na jina lake. Bila hiyo “Sawa”, mashine haikuwashwa. Alijivunia neno hilo kwa miaka kumi na minane.

Alipotimiza miaka arobaini na sita, herufi zilianza kumchezea shere. Alisogeza karatasi mbali, akaisogeza tena, mpaka mkono ukaisha. Hakumwambia mtu. Aliogopa ni mtoto wa jicho, ugonjwa uliompofusha nyanya yake. Na nani atamweka kazini msahihishaji asiyeona? Basi Musili akawa anakisia.

Ndipo ikaja kadi ya harusi ya binti mmoja, Shiku. Mama yake, Waceke, aligawa kadi zote kanisani. Mtu mmoja akasoma kwa sauti: “Mnakaribishwa kwenye ndoo takatifu.” Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Waceke alikuja dukani na kadi mkononi, na yeye hakuwa anacheka hata kidogo.

Mbuthia, mwenye duka, aliuliza nani alikosea. Everlyn alimtazama Musili, akangoja.

“Everlyn ndiye hupiga maneno,” Musili alisema, macho chini.

Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo. Prufu yenye “Sawa” ilikuwa mfukoni mwake. Mbuthia alimwambia Everlyn aende nyumbani mpaka aitwe. Everlyn alichukua kibeti chake akatoka. Musili aliona aibu hata kumwambia kwaheri.

Jioni, Munyiva mkewe alimpa Biblia asome kabla ya kula. Alikuwepo pia jirani yao Ajwang, aliyekuja kurudisha sufuria. Ajwang ni muuguzi wa macho katika kliniki moja karibu na Adams Arcade.

Musili aliifungua, akanyoosha mkono wote.

“Baba Mwau, hiyo Biblia unasoma ama unaipiga picha?” Munyiva alimtania mumewe.

Ajwang hakucheka. Aliuliza kama mbali anaona vizuri. Musili alisema anasoma namba ya gari iliyo ng’ambo ya barabara. Kisha akaieleza yote hofu yake ya mtoto wa jicho.

“Sikiza, mzee,” Ajwang alisema. “Mwangaza unapitia kioo cha mbele ya jicho, unaingia kwa mboni, hicho kitundu cheusi katikati. Nyuma ya mboni kuna lenzi. Lenzi hunenepa ndio uone karibu. Picha inaanguka nyuma kabisa, kwa retina, halafu mshipa unaipeleka kwa ubongo. Ukipita arobaini, lenzi inakakamaa, inakataa kunenepa. Hiyo ni umri tu. Miwani inatosha.”

“Na mtoto wa jicho?”

“Hapo lenzi yenyewe inaingia ukungu. Hata mbali huoni vizuri. Lakini inatolewa, unawekewa nyingine, unaona tena.”

Musili alimkumbuka nyanya yake, aliyekaa gizani miaka tisa kwa sababu hakuna aliyejua kuwa inatibika. Moyo ulimuuma.

Alisema basi atanunua miwani barabarani. Ajwang alikataa. Alieleza kuwa kuna glakoma, presha ya ndani ya jicho, inayoharibu ule mshipa mara nyingi bila maumivu. Kinachoharibika hakirudi. Kwa hiyo ni lazima apimwe kwanza.

Kesho yake alipimwa. Hakuwa na mtoto wa jicho wala glakoma. Alipopewa miwani ya kusomea, alitoa ile prufu mfukoni. Akaiona herufi o ya mwisho ya “ndoo”, mviringo kabisa. Kando yake, kwa mwandiko wake mzuri: “Sawa. Musili.” Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alienda moja kwa moja hadi River Road, akaiweka prufu mbele ya Mbuthia. Mbuthia aliisoma, akamsogezea simu.

“Mpigie wewe,” alisema.

Musili alipiga simu. “Everlyn, kosa ni langu. Nilikuwa sioni, na nikakuwekelea wewe.”

“Nilijua,” Everlyn alijibu. “Nilikuwa nangoja useme.”

Everlyn alirudi kazini siku iliyofuata. Musili alimwomba Waceke msamaha, na kadi zikaanzwa upya. Everlyn alimletea prufu. “Ndoa takatifu” ilikuwa sawa. Lakini chini kabisa, kwa herufi ndogo sana, Musili alisoma: “Zawadi zipelekwe kwa kamati ya ndoo.” Akaizungushia wino mwekundu.

“Hiyo nimeweka makusudi,” Everlyn alisema. “Nilitaka kujua kama unaona.”

Uso wa Musili uliwaka moto. Prufu mpya ilipotoka, aliisoma polepole tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha akampa Everlyn kalamu ili yeye aandike “Sawa” kwanza.