Viazi Havipendi Moshi

Kila asubuhi Balbina alitwanga mpunga nje ya kibanda chao cha Ifakara. Na kila asubuhi mama mkwe wake, Theodosia, alisimama kando. Punje moja ikiruka nje ya kinu, aliiokota.

Si kwamba alikuwa mchoyo. Wakati wa vita vya Maji Maji, askari wa Wajerumani walichoma nyumba yao pamoja na ghala. Njaa kali ikafuata. Theodosia alikuwa ameficha chungu cha mbegu ya mpunga kwenye matete ya mto. Alilala na njaa, lakini hakukigusa. Mvua ziliporudi, majirani wote walipanda mbegu ya chungu kile. Basi nani angethubutu kumfundisha mama yule habari za mbegu?

Siku moja Dionisi, kaka yake Balbina, alishuka kutoka milima ya Mahenge na kikapu cha viazi mviringo.

"Dada, hii ni mbegu," alisema. "Pandeni wakati wa baridi, maji ya mto yakishapungua. Vitunzeni vizuri, maana sina vingine."

Theodosia alikipokea kikapu kwa mikono miwili. Akakipandisha darini, juu ya meko. Mbegu zote za bondeni huwekwa hapo, maana moshi hufukuza wadudu.

Baada ya muda Balbina alipanda darini kuvitazama. Viazi vilikuwa vimekunjamana kama goti la mzee. Vya chini vilikuwa vimeanza kuiva kwa joto. Balbina alitaka kulia.

"Tule vilivyobaki kabla havijaharibika," alisema Raimundi, mume wake.

"Nyumba hii haili mbegu!" Theodosia alifoka.

Balbina akamwita jirani yao Klementina, aliyekulia milimani.

"Shikamoo, mama," Klementina alisema.

"Marahaba. Umekuja kunifundisha mbegu?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuvisemea viazi. Vyenyewe havina mdomo."

Theodosia akacheka, ingawa hakutaka.

"Mpunga ni mkavu, ndiyo maana unavumilia moshi," Klementina alieleza. "Kiazi kina maji ndani. Kinataka hewa, na kinataka mwanga bila jua kali."

"Basi tuviweke uvunguni," alisema Raimundi.

"Gizani vitatoa machipukizi marefu, meupe. Ukiyagusa tu yanakatika. Mnataka mafupi na manene."

"Chumba ni hiki hiki kimoja," alisema Balbina. "Chini kuna kuku na panya. Tutaviweka wapi?"

"Kama chini hakuna nafasi, jengeni kwenda juu."

Raimundi alikata matete, akafunga kichanja cha ngazi tatu karibu na mlango, mbali na meko. Balbina alitupa viazi vilivyooza. Vizima alivipanga bila kuvirundika, macho ya viazi yakitazama juu. Kila asubuhi alifungua mlango ili mwanga uingie.

"Vitageuka kijani," Klementina alionya. "Hivyo ni vya kupanda tu. Msivipike, vina sumu."

Theodosia akageuka mlinzi. Kuku aliyesogelea kichanja alikiona cha moto. Hata asubuhi moja sauti ya Theodosia ikasikika hadi kwa majirani.

"Balbina! Njoo uone! Vimechipua!"

Kila kiazi kilikuwa na machipukizi mafupi, manene.

Mto ulipopungua, walivibeba kwa ungo, polepole, machipukizi yasivunjike. Wakavipanda kwenye matuta ya udongo laini wenye unyevu, machipukizi yakielekea juu. Mimea ilipokua, wakaipandishia udongo shinani.

Siku ya kuvuna walilazimika kuazima vikapu. Balbina alivitazama viazi vile, akajisikia fahari kubwa. Kabla chungu hakijabandikwa motoni, Theodosia alichagua viazi vizima vya ukubwa wa yai, kutoka kwenye mashina yaliyostawi. Akavipanga kichanjani kwa mkono wake mwenyewe.

Majirani walikuja kuomba mbegu. Kama kawaida, walimwendea Theodosia, mama wa chungu cha mpunga.

"Mama, tuvitunzeje hivi?" waliuliza.

Theodosia alimshika Balbina mkono, akamvuta mbele ya watu.

"Habari za mpunga niulizeni mimi," alisema. "Za viazi, mwulizeni mkwe wangu."