Tambara la Urho

Haya yaliwapata majirani zangu, Arvid Kallio na mkewe Helmi. Wote wawili wapo hai, kwa hiyo anayeniona mwongo na aende akabishe hodi kwao mwenyewe. Ila aende akiwa hajala.

Asubuhi ya Jumamosi ile Arvid alikunywa kahawa yake kama kawaida, akatandaza ramani mezani, kisha akalowesha kidole na kukitoa dirishani kuupima upepo. Huku kwetu Novemba ikiingia na theluji ya kwanza ikishika, mwanamume hana habari nyingine ila kulungu. Na kwa kuchagua mahali pa kuweka dungu la kuwindia, hakuna aliyemfikia Arvid. Alijua kulungu wanalala wapi, wanakula wapi, na wanapita wapi katikati. Alijua upepo ukitoka upande huu akae mti gani, ukigeuka ahamie mti gani. Lakini msimu ule madungu yake yote yalilala doro. Kulikuwa na dume mmoja mkubwa, pembe kama kiti kilichopinduliwa, na dume huyo alikataa njia zote isipokuwa moja, ile inayopita chini ya dungu la Urho Pelto.

"Upepo umelikalia vizuri dungu la Urho leo," Arvid alisema, kama mtu anayejisemea tu.

Helmi alikuwa anakanda unga wa mikate ya nyama. Mikono ikasimama. "We Arvid. Dungu la mtu aliyepotea halikaliwi."

"Mpaka ndugu yake apande, afungue kamba, alishushe. Najua. Sasa Urho hana ndugu, hana mke, hana hata paka. Tumngoje nani, Masihi?"

"Tungoje lioze, lianguke lenyewe. Haraka ya nini?"

"Dume anapita pale kila siku, mke wangu! Nimeona kwato zake, pana hivi."

"Na mimi nimeona mtu mzima anayeshindwa na mnyama." Helmi akaupiga unga kofi. "Haya nenda, nani amekushika? Lakini uchafu wa yule mzee usiniletee hapa kwangu. Na uwahi sauna, mgongo wangu haujisugui wenyewe."

Arvid akambusu shingoni, akapakwa unga masikioni, akatoka anacheka. Hawakujaliwa mtoto wale. Walikuwa wao wawili tu tangu ujana, na kila Jumamosi jioni waliingia pamoja kwenye sauna, kile kibanda chao cha mvuke nyuma ya nyumba, Arvid akamwaga maji kwenye mawe ya moto na kumsugua mkewe mgongo. Kama kuna kitu Arvid alikipenda kuliko kulungu, ni mgongo ule na mwenye nao.

Sasa niwaambie habari za Urho. Alikuwa kapera, mzee wa ng'ambo ya kinamasi cha mierezi, na alinuka. Nasema hadharani, kapotea hajapotea, alinuka! Sisi sote hutumia dawa ya kuvutia madume, nayo ni mkojo wa kulungu jike aliye kwenye joto. Unalowesha tambara, unalifunga kwa kamba kwenye kisigino cha buti, unaliburura kutoka msituni mpaka kwenye dungu lako. Dume akiikatiza ile njia, pua yake inamleta mpaka mbele ya bunduki. Ukifika tu, kabla hujapanda, unalifungua tambara na kulitundika kwenye tawi mbali kidogo na wewe. Hilo hata mtoto wa kunyonya huku kwetu analijua. Wengine tulinunua dawa dukani. Urho aliivundika mwenyewe nyuma ya jiko lake, majira yote ya joto, na anatia nini humo hakumwambia mtu. Mwaka uliotangulia alipanda dungu lake, akashuka, akaingia kinamasini, na hakutoka. Mbwa walioletwa kumtafuta walifika ukingoni, wakakaa chini, wakaanza kutapika.

Arvid alilikuta dungu lingali imara. Kwenye shina, kando ya ngazi, chupa ya Urho ilikuwa bado imening'inia msumarini, mdomo wake umezibwa kwa tambara. Akalichomoa. Mkojo wa kulungu aliuzoea, huo haukumshtua. Huu ulikuwa na kitu kingine chini yake. Kinywa kisichopigwa mswaki. Godoro la mgonjwa. Ndani ya ule uji mweusi zilielea nywele fupi nyeupe. Tumbo la kulungu lina nywele nyeupe, akajituliza. Lakini za kulungu ni ngumu zinazokatika, na hizi zilijiviringisha kidoleni pake, laini.

Kinyaa kilimshika, lakini tamaa ilikuwa imeshatangulia. Alikwenda hadi ukingo wa kinamasi, akalifunga tambara kwenye buti, akarudi analiburura, na theluji nyuma yake ikabaki na mstari wa rangi ya chai. Alipofika kwenye ngazi aliona pembe zikisogea kati ya mierezi. Yule dume! Moyo ukampaa. Akapanda mbio mbio, bunduki mgongoni, na tambara akalisahau kisiginoni.

Dume alikuja ameinamisha pua kwenye mstari. Akaramba theluji. Akainua kichwa, midomo ikamkunjuka, ute ukamning'inia mpaka magotini. Arvid akaweka jicho kwenye bunduki. Ndipo mnyama akakohoa, akatoa donge jeusi, akageuka kutazama alikotoka. Kisha akatimua mbio, akapita chini ya dungu lenyewe kana kwamba mtu aliyekaa juu na silaha si kitu cha kuogopwa.

Arvid hakupiga. Alikuwa anatazama mierezi. Tawi moja lilitikisika, chini, usawa wa kiuno. Likatulia. Likatikisika la mbele yake. Yalifuata mstari ule ule alioupita yeye.

Na akasikia kunusa. Fupi fupi. Kwa pua iliyojaa kamasi. Kulungu hanusi hivyo. Hivyo hunusa mzee mwenye mafua.

Upepo ulikuwa unatoka kule kule, kama alivyoupanga. Ulipomletea harufu, Arvid akaitapika kahawa yote ya asubuhi kutoka juu ya dungu. Alipojifuta macho, mierezi ilikuwa imetulia. Alingoja sana. Kisha akashuka upande wa pili na kushika njia ya nyumbani kwa miguu, hatua ndefu ndefu, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Afadhali angegeuka.

Jua lilikuwa linazama alipofika. Moshi ulitoka kwenye bomba la sauna, na moyo wake ukapoa. Akapita pale kwanza, akatia gogo kwenye mdomo wa jiko ulioko nje.

"Ni wewe?" Helmi aliita kutoka ndani.

"Ni mimi. Naenda kuvua haya manguo, nakuja."

"Vua upesi! Unanuka mpaka huku, wallahi nakuapia."

Akaingia nyumbani, akakaa kwenye kiti cha jikoni, akainama kuvua buti. Kamba. Akaifuata kwa macho. Mwisho wake, juu ya sakafu safi ya Helmi, tambara la Urho.

Kwanza alicheka. Mwindaji mzima, bingwa wa wilaya, ameburura dawa mpaka jikoni! Helmi atamsimanga mpaka kiama. Akaliokota ili alitupe nje. Sehemu yake kubwa ilikuwa imeganda kwa baridi, ngumu kama ubao. Lakini pembe moja ilikuwa laini. Ilikuwa imelowa mate. Ilikuwa imenyonywa.

Ilikuwa bado vuguvugu.

Arvid akatazama dirishani. Nyayo zake zilitoka msituni zikafika sauna, kisha zikaja nyumbani. Juu ya nyayo zake zilikuwapo nyingine. Miguu mitupu, vidole vimetanuka. Zilifika kwenye mlango wa sauna. Hazikutoka.

Alikimbia na buti moja. Akafika mlangoni, akasikia sauti ya mkewe, tulivu, ya mtu anayestarehe.

"Hapo hapo. Kaza mkono kidogo. Mbona leo kiganja chako laini hivyo? Na useme basi, umenuna? Hukumpata dume, si ndiyo? Si nilikwambia mimi." Maji yakamwagwa kwenye mawe, yakalia. "Arvid, baba, unanuka. Shuka ujimwagie maji kwanza."

"Helmi," Arvid akanong'ona kwenye ufa wa mlango.

Ndani pakanyamaza.

"Helmi. Mimi niko nje."

Kisha sauti yake ikaja, ndogo, kama ya mtoto anayeogopa kumwamsha mtu.

"Arvid. Bado ananisugua."

Akauvuta mlango. Mvuke ulimpiga usoni pamoja na harufu ya nyama iliyooza ikachemshwa. Akapapasa gizani, akaupata mkono wa Helmi, akamvuta mpaka theluji ya nje, akamfunika kwa koti lake. Kisha akachukua shoka la kuni, akaingia. Hapakuwa na mtu. Kibanda kina mlango mmoja tu, na kidirisha chake hakipitishi hata kichwa. Benchi la juu, nyuma ya alipokuwa amekaa Helmi, lilikuwa na tope jeusi la kinamasi, na juu ya mbao umelala utando mwembamba, mweupe, kama ule unaotanda kwenye maziwa yaliyochemka. Arvid aliugusa kwa ncha ya shoka. Ulikuwa na vinyweleo.

Kesho yake aliichoma sauna yote, na tambara ndani yake. Moshi wake ulikuwa na mafuta. Uliganda kwenye nguo zetu kambani, na mapazia yangu nimeyafua mpaka nikayatupa. Majira ya kuchipua akajenga nyingine, upande mwingine wa nyumba.

Helmi alipona hofu, lakini harufu haikumtoka. Chini ya bega lake pana sehemu ya ukubwa wa kiganja, imepauka, na hata umweke kwenye mvuke namna gani haitoi jasho. Daktari aliitazama, akasema haoni kitu, kisha akaenda kufungua dirisha. Kanisani benchi lake analikaa peke yake. Nami nitasema kweli, kwa kuwa nampenda yule mama: chai nyumbani kwao siimalizi.

Na madume wanamfuata. Kila Novemba wanatoka kinamasini mchana kweupe, wanakuja kusimama kwenye ukuta wa chumba anacholala. Wanabandika pua kwenye mbao, midomo imekunjuka, ute unachuruzika mpaka chini. Mwaka jana kijana mmoja wa hapa, Wesley, alikuja na kofia mkononi, nami nilikuwapo. "Mzee Arvid, naomba niweke dungu hapo nyuma, lielekee dirisha la mama. Si wanakuja wenyewe? Hapa ndipo mahali pazuri kuliko pote wilaya nzima."

Arvid alitazama chini tu, yeye ambaye neno la dungu lilikuwa halimpiti. Basi nikamjibu mimi. "Toka hapa, mshenzi! Mama wa watu ndiye chambo chako?" Nikatema mate karibu na viatu vyake.

Siku hiyo ndipo Arvid aliponiambia yaliyobaki, na hajayarudia tena. Bunduki alishaiuza. Jumamosi bado wanaingia sauna pamoja, naye bado anamsugua mkewe mgongo, kwa sabuni ya kila aina, na kila mara Helmi anauliza bila kugeuka, maana pua yake mwenyewe haisikii kitu.

"Bado nanuka?"

"Hunuki, mke wangu."

"Muongo wewe. Unapumua kwa mdomo."

"Mvuke tu huo. Kaa vizuri."

Naye anakaa vizuri, anafumba macho, anamwachia mgongo wake kama zamani. Arvid anafika chini ya bega, anaweka kiganja pale penye baridi, anasugua taratibu. Na chini ya kiganja chake, ndani ya ngozi ya mkewe, kitu kinatanuka, kinatafuta, kidole kwa kidole, kinaanza kumsugua na yeye.

Hautoi mkono. Akiutoa, Helmi atajua.