Pasi ya Jumapili

Siku ile sikuwa na ugomvi na mtu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nimekaa mlangoni na cherehani yangu, napandisha pindo la suruali ya mteja, redio inaimba, jirani anafagia uwanja. Ndipo Kibibi akatokea kwenye kona na begi la shule mgongoni, siku ambayo hakuna shule.

Kibibi ni mtoto wa marehemu dada yangu. Jina hilo tulimpachika sisi, maana tangu ajue kusema anaongea kama bibi kizee, taratibu, kila neno kalipima. Siku ile hakupima.

"Mama mdogo, baba kasema shule basi. Anasema naiba umeme."

"Unauiba unaupeleka wapi? Unamuuzia nani?"

Hakucheka. Akanieleza yote pale pale, amesimama. Umeme anaonunua baba yake ulikuwa unaisha kabla ya wakati wake. Kila Jumapili mchana, yeye akiwa ameenda kutazama mpira, mita inakimbia, na akirudi anakuta uniti zimeliwa. Na kila Jumapili hiyo hiyo, sare ya Kibibi iliyoachwa mbichi kwenye kamba inakutwa juu ya kiti chumbani kwake, imenyooka. Shemeji hakutaka ushahidi mwingine. Alipekua hadi chini ya godoro akitafuta pasi iliyofichwa. Alipoikosa, akavua mkanda.

"Sasa anayeipiga pasi ni nani?" nikamuuliza.

"Sijui, mama mdogo. Mimi naikuta tayari."

Nikamkunjia mkono wa gauni nikaona michirizi. Sindano niliichomeka kwenye suruali ya watu, nikazima redio. Mwanamume mzima anamcharaza mtoto aliyefiwa na mama yake, anataka kumtoa shule, kisa umeme! Kesho yake ilikuwa Jumapili, na mimi nilikwishajua nitaimalizia wapi.

Mama yetu alikuwa dobi. Mimi na dada tumekulia kwenye mvuke, na yeye ndiye aliyerithi mkono wa mama. Shati akishalipiga pasi, alifunga kifungo cha pili peke yake, kisha akakunja mikono yote miwili nyuma, kama mtoto anayesubiri kukaguliwa kucha. Sijaona mtu mwingine anayekunja hivyo. Akaolewa na karani mkuu wa ghala, bwana wa mashati meupe, anayeona mkunjo mmoja kwenye kola akanuna siku nzima. Dada alimpigia pasi mashati ya wiki kila Jumapili mchana, kwenye chumba cha nyuma. Aliwahi kuniambia waya wa pasi umechubuka na soketi inatema cheche, amemwomba mumewe alete fundi, mumewe kasema ataufunga waya mwenyewe.

Mwaka jana, Jumapili, tukapigiwa simu. Dada kaanguka. Presha, akasema shemeji. Tulipofika, jeneza liko tayari, uso wazi, mikono imevishwa glovu nyeupe. Nikauliza glovu za nini. Shemeji akasema ni heshima. Msiba una kelele nyingi, swali langu likamezwa humo humo.

Basi, Jumapili nikabisha hodi kwake, nikiwa na Kibibi na fundi wa umeme tunayemwita Maneno, kwa kuwa mdomo wake haujui kupumzika. Shemeji alikuwa anavaa viatu.

"Leo mpira utachezwa bila wewe, shemeji," nikamwambia. "Leo tunamkamata mwizi wako."

"Mwizi namjua."

"Vizuri. Basi kaa hapa umwone akiiba."

Maneno alianza kazi na hadithi zake. Akatuonyesha taa ndogo nyekundu kwenye mita: ikipepesa polepole, nyumba inakula kidogo, ikipepesa haraka, nyumba inafakamia. Akachomoa friji. Akachomoa runinga. Akapita kuzima balbu moja moja, huku akisimulia juu ya mteja aliyemshtaki jirani kwa wizi wa umeme, kumbe ni friji lake mwenyewe lenye mlango usiofunga. Taa ya mita ikatulia. Kibibi alifua sare yake mbele yetu, akaianika uani ikichuruzika maji, kisha akaja kukaa miguuni pangu. Wote wanne tukawa ukumbini, chini ya mita, kwenye mwanga wa mchana kweupe.

Tukangoja. Shemeji akapiga miayo ya makusudi. Nikamwangalia mpaka akafumba mdomo.

Taa ikapepesa.

Ikapepesa tena, haraka. Kisha ikawa haipepesi tena, imekaza tu.

"Kuna mtu kawasha kitu," Maneno akasema.

"Nani?" nikamuuliza. "Tuhesabu?"

Maneno akainuka akazima swichi kubwa, ile inayokata nyumba nzima. Taa haikujali. Maneno akasema labda kuna waya wa wizi ukutani, unaoruka swichi. Akatoa bisibisi yake ya kupimia, ile inayowaka ndani ikikutana na umeme, akaanza kuipitisha ukutani. Sebuleni, hakuna. Jikoni, hakuna. Tukafika chumba cha nyuma.

Chumba kilikuwa kitupu. Ukuta mmoja ulikuwa na kiraka cha plasta mpya, kimepakwa rangi isiyolingana na nyingine. Bisibisi ikawaka kabla haijagusa.

Maneno akanyamaza. Sikuwahi kumsikia akinyamaza.

Nikaweka kiganja kwenye kiraka. Kilikuwa cha moto. Na harufu ikaja, ya nguo mbichi chini ya pasi. Harufu hiyo naijua tangu nabebwa mgongoni.

"Shemeji, njoo uweke mkono hapa."

"Acha upuuzi wako."

"Weka mkono."

Hakuweka. Hakuuliza hata kwa nini. Alibaki mlangoni, mikono kaificha kwapani, jasho linamtoka.

"Ukoo wenu wachawi," akanong'ona.

Nyundo niliichukua mwenyewe kwenye mkoba wa Maneno. Nilipiga ukuta ule kwa hasira za mwaka mzima. Plasta ikadondoka vipande, soketi ikatokea, nyeusi, imevimba. Plagi bado imo ndani. Imeyeyukia humo. Kipande kifupi cha waya kilining'inia, kimefungwa ukanda wa nailoni, mwisho wake umekatwa kwa kisu. Haukwenda popote. Na ncha ile ilikuwa inatoa moshi.

"Plagi haikuchomoka," Maneno akasema kwa sauti ya chini. "Mtu kakata waya, akaiziba humu."

Tukasikia maji yakiungua. Tss. Chumba cha pili, kwa Kibibi. Kisha kitu kizito kikawekwa juu ya meza. Kikainuliwa. Kikateleza. Kikawekwa tena.

"Usiende," nikamwambia mtoto.

"Ni Jumapili," Kibibi akanong'ona, na akaenda.

Nikamfuata. Chumbani hapakuwa na mtu. Dirishani nikaona kamba tupu, na chini yake udongo bado umelowa. Sare ilikuwa kwenye kiti, inafuka mvuke. Kifungo cha pili peke yake kimefungwa. Mikono yote miwili imekunjwa nyuma.

Niligeuka. Shemeji alikuwa ameona.

"Dada alikufa kwa kitu gani?"

"Ilikuwa ajali."

"Sikukuuliza hilo. Alikufa kwa kitu gani?"

"Nilikuwa na safari. Nilitaka shati."

"Alikwambia waya mbovu."

Akaitazama sare kwenye kiti, akarudi nyuma hatua moja.

"Ukatuambia presha! Ukamvisha glovu tusione mikono ilivyoungua! Halafu unampiga mtoto wake kwa umeme uliomuua mama yake!"

"Mngenifunga," akasema. Alilisema polepole, kama anayetaka nimwonee huruma.

Sikumwonea. Nilimshika Kibibi mkono, tukachukua begi na ile sare, tukatoka. Kwenye kituo cha polisi waliandika maelezo yangu, wakaniambia marehemu kazikwa, mume kasema presha, na soketi haisimami kizimbani. Kwa hiyo mtu yule anatembea. Umeme kwake kaomba ukatwe kabisa. Nikipishana naye sokoni simsalimu, naangalia tu shati lake lilivyojikunja mpaka mgongoni, na hasira yangu haijapoa hata kidogo. Sitaki ipoe.

Kibibi anaishi kwangu na anasoma. Shule mpya, sare mpya, niliishona mwenyewe. Pasi yangu ya kazi naifungia kabatini kila Jumamosi jioni na ufunguo nautia kwenye sidiria. Jumapili mchana tunatoka, tunakwenda kutembea. Tukirudi, mita imekimbia.

Maneno alinipigia akauliza kama nataka aje kuangalia. Nikamwambia asithubutu kukanyaga hapa na hiyo bisibisi yake.

Jumapili iliyopita tulikuta nguo mbili kwenye kiti. Sare ya Kibibi, na blauzi yangu ya kazi niliyoiacha kwenye beseni, haijafuliwa. Ilikuwa safi, ya moto, mikono nyuma. Nilipoigeuza, ndani ya kola, pale mtu anaposhika kwa dole gumba ili kola isikunjamane, palikuwa na doa dogo la kahawia. Ni alama ya dole gumba. Kitambaa kimeungua kufuata mistari yake.

Nimeifua kwa sabuni, nikaianika juani. Haitoki. Leo nimeivaa.