Nusu Mzunguko

Maiti ilikuwa imepiga magoti.

Ilipiga magoti chini kabisa ya bwawa la mafunzo, mita nne, mikono ikielea mbele kama ya mtu anayepokea mzigo. Mpira wa kuvutia hewa ulikuwa umemtoka mdomoni na kuning'inia begani. Mgongoni, mtungi. Kiunoni, mkanda wa vipande vitano vya madini ya risasi, kilo mbili kila kipande, na hivyo ndivyo vilivyomkalisha pale hata alipokwisha kufa.

Inspekta alisimama ukingoni, viatu mkononi. Hakujua kuogelea, lakini siri hiyo aliijua yeye na mama yake tu.

"Nani huyu?"

"Mwalimu wetu," alisema fundi wa kompresa, yule wa kujaza mitungi hewa. Ndiye aliyemkuta saa moja asubuhi alipofungua mlango. "Anafundisha wanaoanza. Alikuwa anafundisha."

Wazamiaji wa polisi walimpandisha. Koplo akavaa glavu, akainama kwenye geji ya mtungi.

"Umejaa, afande. Hewa tele mgongoni, naye amezama."

"Valvu?"

Koplo alishika kifungulio, akakizungusha taratibu upande wa kufungua. "Iko wazi. Imezunguka nusu mzunguko zaidi, halafu imegoma."

"Andika. Nusu."

Daktari wa polisi hakuwa mtu wa maneno mengi. Povu puani: amezama. Muda: kama saa kumi na mbili alfajiri. Kisha akauinua mkono wa kulia wa marehemu. Kwenye kifundo palikuwa na alama nne za vidole na moja ya dole gumba.

"Alishikwa akiwa hai. Na kwa nguvu."

Simu ikalia. Mkuu wa kituo.

"Ajali hiyo, Inspekta. Moyo umemshtuka. Baba wa marehemu amenipigia, anataka darasa liendelee saa nne, kwa heshima ya binti yake. Mwachie bwawa lake."

"Bwawa lake?"

"Shule ni yake. Mzee Risasi. Nusu ya wapiga mbizi wetu wamepita mkononi mwake."

"Mkuu, kuna alama za vidole mkononi."

"Una mpaka saa nne. Baada ya hapo faili nalifunga mwenyewe."

Saa ya ukutani ilionyesha mbili na nusu.

Ukumbini walikaa wanafunzi wanane, taulo mabegani, kimya kama wagonjwa wanaosubiri kung'olewa meno. Mmoja, mshonaji wa nguo mwenye sindano bado zimechomekwa kwenye ukosi wa blauzi, alimshika Inspekta mkono.

"Afande, kweli tunaingia na mzee?"

"Kwani ana nini?"

"Dada yangu alifundishwa naye. Alimzidishia risasi kiunoni ili apige magoti chini asitikisike. Ndiyo maana wanamwita Mzee Risasi. Halafu akamfungia hewa kwa nyuma, eti azoee. Mpaka leo dada hajimwagii maji kichwani, anajipangusa kwa kitambaa. Mimi nilikuja kwa sababu ya huyu binti."

"Yeye alifanyaje?"

"Alitufundisha kuelea. Kilo mbili tu, unatulia katikati ya maji, unavuta pumzi polepole. Siku ya kwanza nilicheka mpaka nikameza maji."

Darasani, juu ya ubao, ilibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa marehemu. *Kuanzia Jumatatu, kwa walimu wote. Hakuna kupiga magoti. Hakuna kumfungia mtu hewa. Valvu ifunguliwe yote, isirudishwe hata chembe.* Chini yake kulikuwa na muhuri wa chama cha wapiga mbizi: *Imekubaliwa. Walimu wote watapimwa upya.*

Inspekta aliusoma mstari wa valvu mara mbili. Akamwita fundi.

"Hebu niandalie mtungi mmoja."

Fundi akazungusha kifungulio mpaka mwisho, akaachia.

"Hurudishi kidogo?"

"Zamani tulirudisha nusu, afande, eti isikwame. Mwalimu akatukataza. Ukishaizoea nusu, siku moja unafunga yote, unafungua nusu, unazama ukidhani uko sawa. Akikukuta umerudisha, anakuanzisha upya mbele za watu. Mimi kanianzisha mara sita."

"Mlikuwa mnagombana?"

"Sana. Aliniita kichwa cha zege." Akakipangusa kifungulio kwa shati. "Sasa nani ataniita?"

"Nani hapa bado anarudisha nusu?"

Fundi alitazama sakafu. Kisha akatazama mlango wa stoo.

Mzee Risasi alikuwa stooni, akipanga viatu vya kuogelea kwa saizi. Mfupi, kifua kipana, nywele nyeupe zimekatwa chini. Hakuwa amelia.

"Shikamoo, mzee. Pole kwa msiba."

"Marahaba. Nimeshapoa."

"Ulikuwa wapi saa kumi na mbili?"

"Kitandani."

"Mara ya mwisho kuingia majini?"

"Jumapili."

Nyuma yake suti nyeusi ya mpira ilining'inia kwenye kigingi. Tone likadondoka kutoka kwenye mguu wa suti. Likadondoka jingine. Sakafuni palikuwa na dimbwi.

"Mzee, nataka kujua anayeanza anahisi nini. Niandalie mtungi, univalishe."

Uso wa mzee ukachangamka. Ualimu ulikuwa umemwingia mpaka kwenye mifupa. "Sasa unaongea! Hawa wa siku hizi wanabembelezwa kama mayai." Akavuta mtungi, akafunga mikanda, akashika kifungulio. Akazungusha mpaka mwisho.

Kisha, bila hata kutazama, akarudisha nusu.

Tone likadondoka.

"Binti yako alirudisha nusu, mzee?"

"Nani? Yule? Afadhali angekunywa sumu."

"Mtungi wake umerudishwa nusu."

Mzee alitazama mkono wake mwenyewe, ungali juu ya valvu.

"Mtu alimfungia hewa," alisema Inspekta. "Alipokwisha kufa akaifungua tena, ionekane ajali. Ila mkono ulifungua kama ulivyozoea. Koplo, chukua suti hiyo inayochuruzika tangu Jumapili. Una haki ya kunyamaza, mzee. Utakalosema litatumika mahakamani."

Mzee alikaa juu ya kasha la risasi.

"Jumatatu alikuwa anipime," alisema. "Mimi. Nikae kwenye benchi na taulo begani, na yeye ameshika kalamu. Mtoto niliyemtia majini kabla hajaota meno."

"Ukamwita."

"Nilimwambia, elimu yako kama ni ya kweli, ipigie magoti. Kilo kumi, nikufungie, nione huo utulivu wako. Akasema: Baba, nikitulia, unastaafu. Humgusi mwanafunzi tena. Tukapeana mkono."

"Ukafunga."

"Nikafunga. Akanipa ishara." Alipitisha kiganja mbele ya koo: hewa imekwisha. "Nikahesabu. Huwa nahesabu mpaka thelathini. Nikafika, yeye katulia, ananitazama tu. Akatoa ishara tena, polepole, kama anavyowafundisha. Nikaendelea kuhesabu."

"Ulikuwa unasubiri nini?"

"Ababaike! Mara moja tu! Arushe miguu, ajing'oe miwani, anililie. Wote huwa wananililia." Akasugua viganja magotini. "Yeye akapeleka mkono kwenye bizimu ya mkanda. Audondoshe, apande zake juu. Sawasawa kabisa, hakukosea hata kitu. Nikaushika mkono."

"Mpaka lini?"

"Mpaka alipoacha kunitazama."

Koplo, ambaye alikuwa akiandika, aliinua kalamu.

"Angeogopa," alisema mzee, "ningemfungulia. Naapa. Angeogopa kidogo tu, angekuwa anakunywa chai sasa hivi."

Pingu zililia mara mbili. Mlangoni mzee alisimama ghafla.

"Afande, andika na hili. Alifaulu."

"Utamwambia hakimu."

Walimpitisha mlango wa nyuma. Inspekta alivaa viatu vyake, akarudi ukumbini. Saa ilikuwa nne kasoro dakika tano. Wale wanane waliinuka kwa pamoja, kama darasa linapoingiliwa na mkaguzi.

"Leo hakuna somo," aliwaambia. "Nendeni nyumbani."

Mshonaji hakusogea. "Na mzee je?"

Kupitia mlango wa kioo bwawa lilionekana, maji yametulia, chini hamna kitu.

"Mzee," alisema Inspekta, "amestaafu."