Pasi ya Jioni

Jengo lao la kupanga lilikuwa na paneli za sola juu ya paa na betri kubwa chini ya ngazi. Umeme ulikuwa wa wote. Karibu kila jioni ulikatika, na giza likawa la wote pia.

Mama Pasi, kama wapangaji walivyomwita, alikaa peke yake chumba cha chini. Alifua na kupiga pasi nguo za watu. Mchana alifua, pasi aliiwasha jua likishazama. Tangu mumewe afariki, jioni ndizo zilizomshinda. Mikono ikiwa na kazi, alivumilia.

Umeme ukikatika, alibaki ameduwaa na nguo mezani. Alisema betri ile ni mbovu, wameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Siku moja fundi umeme, mpangaji wa ghorofa ya tatu, alipita mlango kwa mlango akiuliza kila mtu anawasha nini, na saa ngapi. Mama Pasi akamweleza bila kuficha. Fundi aliketi.

"Mama, betri haina ubaya. Mchana paneli zinatoa umeme mwingi. Jioni jua halipo, tunakula akiba, wote pamoja. Na pasi yako inakula kuliko taa zote za jengo hili."

Mama Pasi aliona aibu. "Kumbe mimi ndiye ninayewatia watu gizani."

"Si wewe tu. Ghorofa ya pili wanachemsha maji ya kuoga jioni, nao nimewaambia. Kazi nzito tuzifanye mchana, jua likiwa kali."

"Na jioni nifanye nini?"

Fundi alidhani swali ni la umeme. "Washa taa, sikiliza redio, chaji simu. Hivyo havina neno."

Kesho yake Mama Pasi alipiga pasi mchana, na nguo zikaisha kabla ya alasiri. Jioni taa haikuzimika. Alisikia watoto wa juu wakisoma kwa sauti. Yeye aliketi mikono mitupu, chumba kimejaa mwanga, akikitazama kitanda cha watu wawili. Upweke ulimkaba. Kidogo alitamani giza lirudi.

Mwishowe alifunga mlango wake. Taa za ngazini zilikuwa zinawaka, akapanda polepole mpaka ghorofa ya tatu, akabisha hodi.

"Karibu, mama," fundi alisema. "Umeme umekatika kwako?"

"Hapana, mwanangu, upo." Alisita pale mlangoni. "Nimekuja kukaa tu."

Fundi akamsogezea kiti.