Wagonjwa Arobaini Waliofutwa

Lilianza jambo dogo, hata kulisema aibu. Mchana, wenzake wakiwa wamekwenda kula, Msimamizi alisikia mtu akiburuta miguu nyuma ya kiti chake. Akageuka. Hapakuwa na mtu, ila harufu ya dawa ya vidonda.

Sababu aliijua, ndiyo maana alijitia hamnazo. Kazi yao ilikuwa kuigiza kwenye kompyuta jinsi wagonjwa mia nne watakavyokimbia moto katika hospitali mpya. Sharti lilikuwa dakika nane. Kila jaribio lilifika kumi na mbili, kwa sababu wagonjwa arobaini wa magongo waliziba ngazi. Siku ya kukabidhi ripoti ilipomkaba koo, aliwafuta wote arobaini. Dakika saba na nusu! Akapongezwa, akacheka na wenzake huku roho ikimsuta.

Siku ya tatu fundi wa programu, mtu wa kutania hata msibani, alimjia hana mzaha.

"Dada, na wewe unawasikia?" alinong'ona. "Nimehesabu. Wako arobaini."

Wakamleta bibi mmoja mpunga pepo. Alifukiza ubani, akatega sikio, kisha akakifunika chetezo.

"Mjukuu wangu, haya ni majini. Yamekalia nafasi za watu uliowatoa. Warudishe watu, yataondoka. Dawa nyingine sina."

Msimamizi akampigia mkuu wa hospitali palepale, na alipokuwa akieleza, miguu ile ikaanza kutoka kila pembe, ikijiburuta chini ya meza, ikizunguka mitambo, ikisogea na ile harufu yake ya vidonda, mpaka ikamzingira kitini na kutulia, ikisubiri jibu pamoja naye.

"Wagonjwa wamehamia tangu asubuhi," mkuu alisema. "Niwapeleke wapi sasa? Ripoti iache ilivyo. Au unataka tufungwe wote?"

Bibi alikuwa anamtazama. Fundi naye. Msimamizi akajiona mtu duni kuliko wote aliowahi kuwajua.

"Sawa, mkuu. Naiacha."

Bibi akakusanya vyombo vyake, akatoka.

"Bibi, usiniache!" Msimamizi alitaka kupiga kelele. Akafungua mdomo, ikatoka sauti ya mzee asiyemjua, ikiuliza ngazi ziko wapi.