Maneno ya Siri Ndani ya Bitana

Kila alasiri, akishavua sare na kula, Chiriku alikwenda kwenye chumba cha kushonea cha dada yake. Jina hilo alipewa shuleni kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliokota nyuzi sakafuni, akapanga vifungo kwa rangi na kupiga pasi kola za mashati, huku akisimulia habari za darasa zima. Dada alimsikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, na mshono wake haukwenda kombo. Chiriku aliamini kwamba hakuna fundi kama yule.

Mwaka ule Dada alinunua sarafu za mtandaoni, zile zisizoshikika mkononi, ambazo bei yake hupanda na kushuka saa yoyote. Ufunguo wa pochi ya mtandaoni zilimohifadhiwa ulikuwa maneno kumi na mawili ya siri. Dada alisema karatasi huungua na simu huibwa, kwa hiyo akayatarizi ndani ya bitana ya koti lake kuukuu. Nani mwingine angewaza hivyo kama si fundi? Siri hiyo waliijua wawili tu.

Bei ilipopanda, Chiriku alitamba mtaa mzima. Ilipoporomoka hadi chini ya nusu, yeye ndiye aliyekosa raha. Jirani yao muuza viatu, aliyenunua sarafu hizo kwa fedha za mkopo, alishinda ameikodolea simu macho. Dada alitazama bei mara moja, akaguna, akaendelea kukata kitambaa. Chiriku alidhani hajaelewa.

Siku moja Dada alitoka kwenda kununua uzi, akaacha simu mezani. Ujumbe ukaingia. Mtu aliyejiita afisa wa huduma alisema angeweza kurudisha hasara yote, mradi apewe maneno ya siri, na muda ulikuwa unakwisha. Chiriku aliona amepata nafasi ya kumwokoa dada yake. Akageuza koti, akaandika maneno sita, akayatuma.

"Harakisha, mengine yako wapi?" yule mtu akaandika.

Kidole cha Chiriku kikasita. Katika chumba kile, mteja akihimiza, Dada huweka mkasi chini na kupima upya. Chiriku naye akaweka simu chini. Angeweza kufuta ujumbe na kunyamaza, lakini Dada aliporudi alimweleza yote huku machozi yakimtoka.

Dada hakumgombeza. Alifungua pochi nyingine ya mtandaoni yenye maneno mapya, akahamishia sarafu zote huko, kisha akamfungia yule tapeli asiandike tena. Alipomaliza ndipo akaketi, akajaribu mara tatu kutunga uzi kwenye sindano, ukakataa kuingia. Chiriku hakuwahi kumwona hivyo, akazidi kumstahi.

"Kumbe na wewe unaogopa, Dada?"

"Naogopa, mdogo wangu. Ila kodi ya chumba, pesa ya vitambaa na ada yako havimo humo. Niliweka kile tu ambacho nikikikosa, bado tutakula na utasoma."

"Na bei isipopanda tena?"

"Huenda isipande. Nitaumia, kisha nitashona."

Akamvuta karibu, akamfuta machozi kwa kipande cha kitambaa.

"Bei ikishuka, matapeli hutoka kuwatafuta wenye hofu. Kwa hiyo usikope ili ufidie hasara, wala usimwamini mgeni anayeahidi kukurudishia kilichopotea. Na maneno ya siri hapewi mtu, ajiite nani. Hata nusu yake ikivuja, si siri tena. Umekosea leo, na kosa si dogo. Lakini umeniambia mapema, nami nimewahi kurekebisha. Bei ikianguka naweza kuvumilia, Chiriku. Ukinificha jambo, sitakuwa na la kufanya."